Uvundo Katika Ghala la Rapemo

Dalmas Rapemo alikuwa mufilisi kwa amri ya mahakama, lakini hakuwa na njaa. Inspekta Mogaka alimkuta katika hoteli moja nyuma ya soko la Homa Bay, amekabiliana na mbuta wa kukaanga na mlima wa ugali. Hakuinua macho. Aliendelea kunyonya kichwa cha samaki hadi kikabaki fuvu tupu, akatema kifupa kando ya sahani.

"Kaa, afande," alisema. "Lakini kama umekuja kunidai, umechelewa. Siku hizi mimi sidaiwi."

"Kila mtu anadaiwa."

"Si mimi. Ijumaa jaji akikaa Kisii na kuidhinisha mpango wangu wa kulipa, nitakuwa mtu huru kama wewe."

Mogaka alivuta kiti. Alikuwa mpelelezi wa Homa Bay kwa mwaka wa nne, na alikuwa amezoea wezi wanaotetemeka. Huyu hakutetemeka.

"Nieleze huo mpango."

Rapemo alifurahi kuulizwa. Akaisogeza sahani katikati ya meza na kumgeuza samaki kwa vidole vilivyong'aa mafuta.

"Tuseme huyu ndiye mali yangu yote. Noordin wa Migori aliniuzia lori kwa mkopo, na kadi ya lori ameishika yeye. Deni lake lina dhamana. Huyo hangoji mtu, anakuja anachukua chake." Akang'oa mnofu wa tumbo, akautia kinywani. "Halafu kuna kodi ya serikali na mishahara ya madereva wangu. Hayo sheria inayatanguliza." Akang'oa mnofu wa mgongo, nao ukafuata. Alitafuna kwa muda mrefu. "Wanaobaki ni wadai wa kawaida. Wenye maduka, wavuvi, watu wa barafu. Hao wanagawana kilichobaki. Shilingi mbili kwa kila ishirini wanayonidai, kwa miaka mitatu, halafu deni limekufa. Hawawezi kunisumbua tena."

"Na akina mama wa Rusinga?"

Rapemo alikisukuma kiunzi cha mifupa upande wa Mogaka.

"Ni wadai wa kawaida."

Kikundi cha Konyri kilikuwa na wanawake kumi na wanane, wauza samaki wote. Walikuwa wamekopa katika chama cha akiba na mikopo, kila mmoja akimdhamini mwenzake, wakampa Rapemo fedha zote awanunulie injini sita za boti huko Mwanza. Injini hazikufika kisiwani Rusinga. Rapemo alisema lori lake lilipinduka kwenye mto Kuja wakati wa mvua za El Niño, na maji yakazizoa. Kisha gugu maji likafunga ziwa, biashara yake ya samaki ikaanguka, naye akakimbilia kwenye sheria ya ufilisi.

"Mpango wako unakufungua wewe," Mogaka alisema. "Wao walidhaminiana. Chama cha mikopo kinawadai mpaka senti ya mwisho."

"Hiyo ni shida ya chama na akina mama. Mimi sikuwaambia wadhaminiane." Rapemo alinawa mikono kwenye bakuli, akajifutia kitambaa cha meza. "Na usisahau kwamba wao wenyewe waliupigia kura mpango huu. Mwenyekiti wao, Celestine, alisimama katika mkutano wa wadai akasema Konyri inakubali. Bila kura yao nisingepata robo tatu ya deni inayotakiwa na sheria. Kama una hamu ya kumsumbua mtu, msumbue Noordin. Lori lilipotolewa mtoni yeye ndiye alilichukua, na chochote kilichobaki ndani. Huyo amekula kuliko wote."

Alimwita mhudumu, akaagiza soda. Mogaka hakungoja.

Alasiri hiyo alimpigia simu Bwana Ratemo, ofisa wa serikali aliyekuwa akisimamia ufilisi ule kutoka Kisumu. Ratemo alikuwa mtu wa maneno machache.

"Deni la kawaida hufa mpango ukikamilika," alisema. "Deni lililotokana na ulaghai halifi. Litamfuata mpaka alipe lote. Lakini niletee ulaghai, Inspekta. Usiniletee machozi, hayo ninayo ya kutosha."

"Mnajua ana mali gani?"

"Nyumba ya kupanga, samani kidogo, na ghala la samaki huko Migori. Mthamini alikwenda akafungua mlango, akatapika, akafunga. Umeme ulikatwa, samaki wakaoza. Ameandika hamna kitu."

"Lini?"

"Miezi mitatu sasa."

Kesho yake Mogaka alikuwa Migori na Konstebo Ondieki. Duka la Noordin lilikuwa kwenye barabara kuu ya kwenda Isebania, limejaa mabati, misumari na matangi ya maji. Noordin mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma. Alikuwa amechoma udi dukani mchana ule, vijiti viwili juu ya kaunta, lakini chini ya harufu ya udi kulikuwa na harufu nyingine.

"Karibu, Inspekta. Samahani kwa nzi."

"Nimeambiwa ulichukua lori la Rapemo na injini za boti zilizokuwa ndani."

Noordin hakukasirika. Alichukua funguo, akawapeleka uani. Lori lilikuwa limeegeshwa chini ya banda.

"Kadi ilikuwa kwangu, mahakama ikaniruhusu, nikalichukua. Ni haki yangu. Lakini tazama mwenyewe. Ameniambia na mimi hadithi ya Kuja. Lori lililolala mtoni linarudi hivi?"

Mogaka aliingia upande wa dereva. Viti vilikuwa vya awali, sponji yake kavu, haina doa la maji. Ndani ya mlango kulikuwa kumebandikwa kalenda ya karatasi ya mwaka uliopita, na wino wake haukuwa umechuja. Aliinama chini ya bodi akapitisha kidole kwenye pembe za chuma. Kulikuwa na vumbi jekundu la barabara na magamba ya samaki. Tope la mto halikuwapo hata chembe. Ubavu wa lori haukuwa na mkwaruzo.

"Umelipaka rangi?"

"Hata kuliosha sijaliosha. Nasubiri mnunuzi."

Mogaka alishuka. Lori halikuwahi kuingia mtoni. Kwa hiyo injini hazikuzolewa na maji, na mtu aliyezificha alihitaji mahali ambapo hakuna mdai angethubutu kutia pua.

"Ghala lake liko wapi?"

Noordin alielekeza kidole juu ya ukuta wa ua. "Hapo hapo nyuma. Usiniulize zaidi, Inspekta. Wateja wananikimbia kwa harufu yake. Nimelalamika kwa baraza la mji, nimelalamika kwa bwana afya. Na ajabu yake ni moja. Kila nikidhani imeisha, inaanza upya."

Mogaka alimtazama. "Inaanza upya namna gani?"

"Inapungua wiki nzima, nashukuru Mungu. Halafu siku moja nafungua duka, imerudi kama siku ya kwanza."

Mlinzi wa ghala hakuwapo. Ondieki alivunja kufuli kwa nondo, na mlango wa bati ulipofunguka wote wawili walirudi nyuma. Haikuwa harufu ya kawaida ya samaki. Ilikuwa nzito, tamu kidogo, ikakaa ulimini kama kitu kilichomezwa. Ondieki alikwenda ukutani akatapika chai yake ya asubuhi. Mogaka alijifunga leso puani, akawasha tochi, akaingia.

Magunia yalikuwa yamepangwa kuanzia mlangoni hadi karibu na dari, yakitiririsha maji ya kahawia yaliyofanya kidimbwi sakafuni. Nzi walipanda wote kwa pamoja. Mogaka alitoa kisu, akapasua gunia la juu. Yakamwagika juu ya viatu vyake mafungu ya funza, weupe, wanene, wakijinyonganyonga katikati ya vichwa na mifupa ya mbuta iliyobakiwa na nyama.

Alisimama akiwatazama. Kisha akachutama, akapasua gunia la chini kabisa. Hilo halikuwa na funza hata mmoja. Ilitoka mifupa mikavu, myepesi kama vijiti vya kuwashia moto, na vumbi.

"Ondieki," aliita. "Njoo uone."

Konstebo alikuja akishika ukuta.

"Umeme ulikatwa lini hapa?"

"Miezi mitatu, afande."

"Samaki wa miezi mitatu, katika joto la Migori, wanakuwa nini?"

Ondieki alitazama gunia la chini. "Hivyo. Mifupa."

"Na hawa wa juu?"

Ondieki alijilazimisha kuangalia. "Wiki moja. Pengine haijafika."

"Basi kuna mtu analeta uozo mpya hapa, kama mtu anayeleta kuni jikoni. Sogeza hayo magunia."

Waliyavuta kwa mikono mitupu, maji yakiwaingia mikononi mwa mashati. Magunia yalikuwa ukuta tu. Nyuma yake kulikuwa na nafasi, turubai la kijani, na chini ya turubai injini sita za boti. Tano bado zilikuwa zimefungwa nailoni za dukani. Maji ya magunia yalikuwa yamezifikia, yakaacha michirizi ya kutu kwenye mapangaboi.

Mogaka alirudisha turubai, nao wakayarudisha magunia mahali pake. Walitoka nje wakanawa kwenye bomba la Noordin, na hata baada ya sabuni mara ya tatu Mogaka aliinusa mikono yake akaiweka mbali na mwili.

"Nunua kufuli inayofanana na ile," alimwambia Ondieki. "Kaa ndani ya duka hili, kwenye dirisha la uani. Mtu yeyote akija na gunia, mwache afungue, aingie, ndipo umkamate."

"Ufunguo wake hautaingia kwenye kufuli mpya, afande."

Mogaka alifikiri. "Basi usifunge. Ning'iniza tu ile ya zamani. Atadhani mlinzi ameisahau."

Siku ya pili, mapema, alikuwa Homa Bay tena, kwenye uwanja wa samaki. Alikuwa amemwita Benta, mwanamke wa Rusinga ambaye ndiye aliyeleta malalamiko polisi. Wenzake walimwita Nyar Kaswanga, binti wa Kaswanga. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mkimya. Chama cha mikopo kilikuwa kimeshachukua ng'ombe wake wawili na cherehani, na kilikuwa kimemwambia kwamba kinachofuata ni boti.

"Mama, hii mifupa yenye nyama kidogo, vichwa na uti wa mgongo, inatoka wapi?"

"Hiyo ni mgongo wazi, afande. Viwanda vikishakata minofu ya kupeleka ng'ambo, mifupa wanatuuzia sisi. Tunakaanga, watu wanakula. Ndiyo nyama ya maskini."

"Kuna mtu anaipeleka Migori?"

"Migori? Ifike imeoza? Sijasikia."

Waliingia kwenye banda la mizani. Mpimaji, kijana aliyevaa gamubuti, alikuwa akimwagia sakafu maji. Mogaka alimwonyesha kitambulisho chake.

"Nani hununua mgongo wazi kwa ajili ya Migori?"

"Yuko mmoja tu. Anachukua ile iliyolala, ile hata mbwa anaikataa. Anasema ana nguruwe huko."

"Jina lake?"

Kijana alimtazama Benta, akashangaa kwamba swali liliulizwa mbele yake. "Si ni mwenyekiti wenu? Mama Celestine. Ametoka hapa asubuhi hii hii, na pikapu. Magunia manne."

 Benta aliketi juu ya kreti iliyopinduliwa, akakaa akitazama maji yanayotiririka sakafuni kwenda kwenye mfereji, mekundu kwa damu ya samaki.

"Ana nguruwe?" Mogaka aliuliza.

"Celestine ni wa kanisa lisilokula nguruwe," alisema Benta. "Hata kumgusa hamgusi."

Waliondoka kwa Land Rover kwenda Migori, Benta akiwa ameegemea dirisha hadi walipopita Rongo. Mogaka alidhani amesinzia.

"Sisi tulimpa vidole vyetu," alisema ghafla. "Ile siku ya mkutano wa wadai, nauli ya kwenda watu wote haikuwapo. Akaja na karatasi nyumba kwa nyumba, tukatia dole gumba, aende atupigie kura. Alipofika kwangu nilimpikia uji. Akanywa vikombe viwili. Akaniambia, Nyar Kaswanga, mimi nitapigana na huyo mtu mpaka mwisho."

Mogaka alikaza mwendo kupita malori ya miwa ya Awendo.

Walipofika, pikapu ilikuwa uani, mlango wa ghala wazi. Ondieki alikuwa amesimama mlangoni na leso puani. Ndani, Celestine alikuwa ameketi juu ya gunia alilolileta mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, amevaa gauni la kitenge na viatu vya kufunga. Alikuwa amejipaka dawa ya kifua chini ya pua, mstari mweupe unaong'aa, asisikie harufu. Alikuwa amekuja amejiandaa.

Alipomwona Benta, alisimama.

"Wewe umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuona nguruwe wako," Benta alisema.

Mogaka aliingia kati yao. "Mama Celestine, nyuma ya magunia haya kuna injini sita. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla ya mkutano." Alizungumza bila kuficha, kama mtu anayeeleza bei. "Rapemo aliniita akaniambia mambo mawili. Nikikataa mpango, kesi itakwenda miaka, mawakili watakula, na sisi hatupati hata hiyo shilingi mbili. Nikikubali, ananipa injini moja baada ya jaji kuidhinisha. Tano atauza. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna mtu anaingia humu."

"Kwa kuleta uozo."

"Mthamini alikimbia. Angerudi, angekimbia tena."

"Wenzako kumi na saba walikutuma," Mogaka alisema.

"Walinituma." Celestine alimgeukia. "Afande, hicho kikundi nani alikianzisha? Nani alikwenda ofisini mara ngapi na nauli yake? Wao walikuwa wanakaa nyumbani wakisubiri. Ungekuwa wewe, ungekubali shilingi mbili sawa na mtu aliyekaa?"

"Walichukua ng'ombe zangu," Benta alisema. "Ulikuwepo. Ulinishika mkono ukasali."

"Na mimi nilikuwa na deni kama wewe."

"Ulisali kwa Kiluo na kwa Kiswahili."

 Celestine alipangusa kiatu chake kwa kipande cha gunia. 

"Ondieki, mpeleke kwenye gari. Na umfute hiyo dawa puani."

Ondieki alisita. "Afande?"

"Mfute. Asikie kama sisi."

Alitumia simu ya dukani kwa Noordin. Kwanza alipiga Homa Bay, na kabla hajamaliza soda aliyopewa akapigiwa kwamba Rapemo amekamatwa na yuko selo, anadai wakili. Kisha akampigia Ratemo, ofisa wa ufilisi.

Ratemo alisikiliza hadi mwisho. "Vizuri," alisema. "Nitamwomba jaji asiidhinishe. Kura ya Konyri ilinunuliwa, kwa hiyo ni batili. Noordin abaki na lori lake, dhamana yake ni halali. Kodi na mishahara vitabaki mahali pake. Wenye maduka, sijui watapata nini. Lakini deni la akina mama limebadilika sura. Hata Rapemo akija kufunguliwa baadaye, hilo litabaki shingoni mwake."

"Na injini?"

"Alipewa fedha kwa kazi moja, akanunua kwa fedha hizo. Alikuwa mshika amana tu. Si mali yake, kwa hiyo haziingii kwenye fungu la wadai. Ni za wanawake. Lakini kwa sasa ni vielelezo vyako."

Mogaka alitoka uani. Injini zilikuwa zimeburutwa nje, zimepangwa kwenye kivuli cha ukuta, zinanuka. Benta alikuwa ameshatafuta brashi na sabuni, anasugua ya kwanza, mikono imejaa povu la kahawia.

"Mama, lazima nizipeleke kituoni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

Benta aliendelea kusugua. "Chama cha mikopo kitachukua boti Jumatatu. Wewe ukimaliza kesi, injini nitaifunga kwenye nini? Kwenye mgongo wangu?"

 Mogaka alizunguka zile injini, akaitazama kutu iliyozishika.

"Nitazipiga picha zote," alisema mwishoni. "Nitamwomba hakimu wa hapa Migori atoe amri mzichukue, picha zibaki mahakamani. Na nitakwenda mwenyewe kwa hicho chama cha mikopo. Lakini katika maelezo yangu lazima niandike kama zinafanya kazi au zimeharibika."

"Basi tujaribu."

Noordin alitoa pipa la maji na galoni ya petroli, hakuulizia malipo. Ondieki na Benta waliinyanyua injini, wakaifunga kwenye ukingo wa pipa, pangaboi likazama majini. Benta alivuta kamba. Hakuna kitu. Akavuta tena, injini ikakohoa, ikatema ute mweusi majini. Alijifuta jasho kwa kiwiko, akaweka mguu kwenye pipa, akavuta kwa mwili mzima.

Ikawaka. Moshi wa buluu ulijaa uani, wenye harufu ya mafuta na samaki mbovu, na maji ya pipa yakaruka yakawalowesha wote watatu. Noordin alicheka akirudi nyuma. Benta hakucheka, lakini aliuweka mkono wake juu ya kifuniko cha injini na kuuacha hapo, akisikia inavyotikisika.

Kutoka kwenye dirisha la Land Rover, Celestine alitoa kichwa.

"Nyar Kaswanga," aliita kwa sauti ya juu, ashinde mngurumo. "Hiyo ndiyo aliyoniahidi. Ile isiyo na nailoni. Hiyo ni yangu."

Mogaka alisubiri Benta ageuke, au aokote jiwe, na hakuwa na nia ya kumzuia. Benta alizima injini. Akafungua vishikio vyake viwili, akaiinua kwa upande mmoja, akamwashiria Ondieki ashike upande wa pili, wakairudisha kivulini pamoja na zile nyingine.

"Tujaribu ya pili, mwanangu," alisema.